Ukatili wa Vita katika Picha za Chapa



Tangu kale wafalme hawakukosa wachoraji wa kuwasawiria vita vyao, na katika turubai zile kubwa zilizotundikwa kasirini mshindi aghalabu hukaa juu ya farasi wake, bendera zikipepea, na maiti hulazwa pembeni wasije wakaiharibu adhama yake. Francisco Goya, mchoraji wa mfalme wa Hispania, aliijua vyema sanaa hiyo, kwa kuwa ndiyo iliyompa riziki. Lakini majeshi ya Napoleon yalipoivamia nchi yake mwaka 1808, na njaa ikawafyeka watu wa Madrid baada yake, aliacha turubai akashika vibamba vya shaba vya kadiri ya ukurasa wa kitabu. Bamba hupakwa nta, sindano ikaifunua shaba mstari kwa mstari, kisha asidi ikaila pale palipofunuliwa. Na shaba ilipoadimika, Goya alikata vipande mabamba mawili aliyokwisha kuyachora mandhari, akayatumia kwa vita.

Naomba tuitazame kwa makini picha ya 26 katika msafa wa picha za vita alizozichora kwa mabamba hayo. Wanaume na wanawake wamejikunyata chini ya mwamba, gizani. Mmoja amepiga magoti na kufumbata mikono akiomba rehema. Na kuliani, ukingoni kabisa mwa picha, zimetokeza singe za bunduki. Askari wenyewe hawamo. Kwa rai yangu hakuna hila ya usanii iliyo kali kuliko hiyo, kwani mtazamaji, akiwa hakuonyeshwa uso wa muuaji, hana taifa la kulitupia lawama ili roho yake itulie, bali hubaki na wale wanaokufa. Goya alifariki mwaka 1828 bila ya kuzitoa picha hizo hadharani. 80 kati yake zilitolewa na Chuo cha San Fernando mwaka 1863.

Msanii Käthe Kollwitz wa Ujerumani, ambaye mwanawe Peter aliuawa vitani Ubelgiji mwezi Oktoba 1914, akiwa na umri wa miaka 18, alikwenda mbali zaidi. Katika picha zake 7 za vita, alizozichonga katika ubao na zikatolewa mwaka 1923, hamna uwanja wa mapigano wala adui: mna vijana wanaomfuata Mauti apigaye ngoma, naye Peter ndiye aliye karibu naye kuliko wote, mna wazazi walioangukiana kwa majonzi hata wakawa umbo moja jeusi, mna akina mama waliokumbatiana duara, na watoto wakichungulia kati ya mikono yao.

Basi nawasihi wenzangu mnaofundisha uchongaji na upigaji chapa: mwanafunzi akikuleteeni picha ya vita iliyojaa vifaru na moshi, msiisifu kwa ustadi wa mkono wake kabla ya kumwuliza waliofikwa na maafa hayo amewaweka wapi.