Gari Kuukuu na Bomba la Moshi Lililoliwa na Kutu

(Mazungumzo yaliyotolewa siku ya pili ya mkutano wa ukoo, Black Rock, Buffalo)



Kamati ya maandalizi iliponitaka nizungumze, nadhani ilitarajia kwamba mtumishi wa serikali mstaafu angezungumzia historia ya ukoo au malezi ya vijana. Nimeomba ruhusa nizungumzie bomba la moshi la gari, lile ambalo mafundi wa kwetu huliita ekzosi. Naona baadhi yenu mnacheka. Waliokuwa Columbus mwezi Februari mwaka 2024 hawacheki, kwa kuwa wanakijua kisa chenyewe.

Wageni wetu wameniuliza tangu jana: huo mwamba mweusi ulioupa mtaa huu jina lake uko wapi? Jibu ni kwamba haupo. Ulikuwa mwamba wa chokaa kando ya mto Niagara, nao ulilipuliwa kwa baruti wakati wa kuchimba Mfereji wa Erie, uliofunguliwa mwaka 1825. Jina limebaki, mwamba umeondoka. Gari langu nalo lilikuwa limefikia hali hiyo. Ungeniuliza kama lina bomba la moshi ningejibu ndiyo, lakini sehemu kubwa ya bomba lenyewe ilikuwa imekwisha kupukutika njiani.

Ninyi mnajua kwamba tangu mwaka 1981 hadi nilipohama mwaka 1995 nilikuwa karani katika idara ya ujenzi mkoani Tanga, na kwamba miongoni mwa kazi zangu ilikuwa kutunza vitabu vya magari ya serikali. Kwa hiyo kutu si mgeni kwangu. Magari yaliyolala karibu na bandari yalikuwa yakiliwa na hewa ya bahari, na yale ya Lushoto yakidumu. Bomba likitoboka, fundi alikata kopo la mafuta ya kupikia, akalizungushia bomba, akalifunga kwa waya, na gari likaendelea na kazi. Madirisha yalikuwa wazi mwaka mzima, na moshi ukaenda zake.

Hapa mambo ni mengine. Wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo huchimbwa ardhini; nanyi mliokuja kwa kupita Cleveland mmepita karibu na mgodi wake, uliochimbwa chini kabisa ya ziwa Erie. Maji ya chumvi hurukia chini ya gari, hukaa kwenye viungo na mikunjo ya chuma, na huharakisha kutu kuliko maji matupu.

Hiyo ni kutu ya nje. Iko nyingine ya ndani, ambayo wengi hatuijui. Petroli inapoungua hutoa pia mvuke wa maji. Gari likienda mwendo mrefu, bomba hupata moto na mvuke wote hutoka. Likienda mwendo mfupi, mvuke hugeuka maji ndani ya bomba baridi, hutuama ndani ya sailensa, na kuila kuanzia tumboni. Tangu nilipostaafu safari zangu zilikuwa kutoka nyumbani hadi dukani kwenye barabara ya Niagara, na kurudi. Nilidhani ninalipumzisha gari, kumbe ninalimaliza.

Sasa nije kwenye kisa. Mwezi Novemba 2023 gari letu la mwaka 2004 lilianza kunguruma. Cheti cha ukaguzi nilikuwa nacho, kwa kuwa jimbo la New York hukagua magari kila mwaka, na langu lilikuwa limepita mwezi Julai. Nikajiambia kwamba cheti kipo, hivyo hakuna neno. Nililala chini ya gari, nikaona tundu kwenye bomba la mbele, kati ya injini na masega. Nikafanya kama tulivyofanya Tanga: kopo, waya, na subira hadi majira ya joto. Sikumwambia mtu. Fedha za pensheni zilikuwa zimekwisha pangiwa matumizi, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwahubiria vijana juu ya akiba. Niliona haya.

Mwezi Februari tulifunga safari ya maili kama 330 kwenda Columbus kwenye arobaini ya marehemu shemeji yetu. Tulikuwa wanne: mimi, mama watoto, binti yetu ambaye ni muuguzi, na mjukuu wetu wa miaka sita. Baridi ilikuwa kali, madirisha tumeyafunga. Tulipokaribia mji wa Erie, mama watoto alilalamika kichwa. Mtoto akatapika, tukasema ni safari. Tukasimama kituo cha mafuta, wote wakapata nafuu kwa muda mfupi. Tukaingia garini, kichwa kikarudi. Tulipovuka mpaka wa Ohio mtoto alikuwa amelala, na mama yake alipomwita hakuitikia upesi. Binti yangu akaniambia neno ambalo sitalisahau: “Baba, tukitoka nje tunapona, tukiingia ndani tunaumwa. Simamisha gari.”

Tulisimama, tukatoka nje kwenye theluji, akapiga simu 911. Gari la wagonjwa lilitufikisha hospitali, damu zetu zikapimwa, sote tukawekewa oksijeni. Mtoto aliamka akaomba chakula, nami nikatoka kwenda kusimama peke yangu ukumbini kwa muda. Mpwa wangu, mwana wa marehemu, aliacha wageni waliokuja kwa ajili ya baba yake, akaendesha hadi hospitali kutuchukua. Tulifika Columbus dua imekwisha na mikeka inakunjwa. Hakunilaumu. Aliniuliza swali moja tu: “Mjomba, mbona hukusema?”

Ndugu zangu, sikuwa na jibu, na ndiyo sababu nimesimama hapa leo.

Kilichotuingia ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo mwili hukosa hewa ingawa mtu anavuta pumzi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, mfano wa mafua yasiyo na homa. Msingojee kunusa moshi. Mkiona kwamba wote mlio ndani mnaumwa pamoja, na nafuu huja mkitoka nje, zimeni gari, tokeni, na ombeni msaada.

Bomba zima nalo huweza kuua likizibwa na theluji. Katika dhoruba iliyoanza hapa tarehe 23 Desemba 2022 walifariki watu zaidi ya 40 katika Wilaya ya Erie kwa sababu mbalimbali, na baadhi yao walikutwa ndani ya magari. Kwa hiyo kabla ya kuwasha injini wakati wa theluji, chukua koleo, safisha kwanza mdomo wa bomba.

Sasa, swali ambalo kila mwenye gari kuukuu hujiuliza: nitengeneze, au nibadilishe? Nitaeleza nilivyojifunza.

Moshi hutoka kwenye injini kupitia manifodi, huingia bomba la mbele, kisha kwenye masega, yaani kile kifaa chenye vitundu vingi mfano wa sega la nyuki ambacho hupunguza sumu, kisha kwenye sailensa, na mwisho kwenye mkia. Tundu lililo kabla ya masega ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa moshi wake bado haujapunguzwa sumu, nalo liko karibu na miguu ya abiria. Tundu langu lilikuwa hapo. Na kwenye sakafu ya gari kizibo kimoja cha mpira kilikuwa kimeoza.

Uchunguzi ufanyeni gari likiwa limepoa, juu ya sakafu ngumu, limeegemezwa kwenye stendi za chuma. Asiingie mtu chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Chukua bisibisi, gonga na kusukuma bomba polepole. Likilia kwa sauti ya chuma kizima na tundu likawa dogo, fundi anaweza kukata kipande kibovu na kuchomelea kingine. Kama uvujaji uko kwenye kiungo tu, huenda gasketi mpya na bolti mpya zikatosha. Lakini bisibisi ikizama, au chuma kikibanduka kama maganda, usilipe fedha ya kiraka. Kiraka hushikwa na chuma kilicho kando yake, na hapo hakuna chuma. Badilisha sehemu hiyo yote. Sailensa iliyotoboka mshononi mara nyingi imeoza kuanzia ndani, nayo ibadilishwe. Na mkikuta kwamba hata sakafu au fremu inazama kwa bisibisi, hapo si bomba tena. Gari hilo limemaliza utumishi wake, nalo listaafishwe kwa heshima.

Juu ya masega, nina onyo. Yuko atakayewaambia kwamba yaondolewe na kuwekwa bomba tupu kwa bei nafuu. Sheria ya nchi nzima inakataza. Na katika jimbo la New York, tangu tarehe 1 Juni 2013, masega mapya yasiyo ya kiwandani kwa mtengenezaji wa gari ni lazima yawe yamekubaliwa kwa kipimo cha California, ambayo bei yake ni kubwa zaidi. Ulizeni kabla ya kukubali kazi.

Pia ombeni makadirio kwa maandishi kutoka kwa mafundi wawili au zaidi. Gereji ya kwanza niliyokwenda ilitaka kubadilisha kila kitu kuanzia injini hadi mkia, kwa fedha inayozidi thamani ya gari. Ya pili, ya fundi anayekunja mabomba mwenyewe, ilikuta masega bado mazima. Ikaweka bomba jipya la mbele, sailensa mpya, gasketi na raba za kuning'inizia, kwa chini ya nusu ya bei ile. Nilimwomba aweke chuma kilichopakwa alumini, ambacho huvumilia kutu kuliko chuma cha kawaida. Kile kisichoshika kutu kabisa ni ghali mno kwa gari la umri ule.

Baada ya hapo, utunzaji ni mwepesi. Siku ambazo baridi imelegea, gari lioshwe chini, si juu tu. Mara moja kwa wiki liendeshwe nusu saa au zaidi bila kusimama, ili bomba likauke. Nanyi wa Ohio na Kentucky, nawasihi kwa namna ya pekee: Columbus haina ukaguzi wa lazima wa kila mwaka kwa magari ya binafsi, na Louisville iliacha upimaji wake wa moshi mwaka 2003. Hakuna ofisa atakayeinama kulitazama bomba lako kwa niaba yako. Wala sisi wa New York tusijivune, maana cheti changu cha Julai hakikuzuia tundu la Novemba.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba kumalizia kwa mapendekezo mawili mbele ya mkutano huu.

La kwanza: kila gari katika ukoo huu liwe na daftari, kama magari ya serikali yalivyokuwa na vitabu vyake. Iandikwe tarehe ya matengenezo, sehemu iliyobadilishwa, na bei iliyolipwa. Kila mwezi wa Oktoba, kijana mmoja katika kila mji apite nyumba kwa nyumba, atazame mabomba na breki za magari ya wazee, asingoje kuitwa.

La pili: mfuko wetu wa kufaana, ambao hadi sasa hutoa fedha kwa misiba na harusi, uruhusiwe kukopesha fedha za matengenezo yanayogusa uhai, na mkopaji asitangazwe jina. Tumezoea kuchangishana baada ya mtu kufa. Jumla tuliyochanga kwa arobaini ile ingenunua mabomba kadhaa. Mimi mwenyewe nilichanga bila kusita, na nauli ya msiba niliipata. Fedha ya bomba ndiyo niliyosema sina.

Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha tundu lisilozidi upana wa sarafu, na kidogo liniumbue kwa mtoto wa miaka sita. Yule pale nyuma anakimbizana na wenzake, wala hakumbuki lolote.

Gari langu liko nje, mtaa wa pili kutoka hapa. Mwenye kutaka kuona kazi ya fundi yule, aje baada ya chakula. Jeki ninayo, na stendi ninazo nne.