Kadi Iko kwa Kafili



Nilikusudia jioni hii kuzungumzia historia ya hospitali za kisiwa hiki cha Mombasa. Nimeiweka kando kwa sababu ya kauli moja niliyoisikia katika kongamano moja, nayo ikapigiwa makofi: kwamba Mkenya anayekwenda Ghuba hatuna haja ya kumhangaikia afya yake, kwani mwajiri humkatia bima, na kwamba michango yetu ya mitaani ya kuwatibu wagonjwa ni mazoea ya watu wasiojua hesabu. Aliyesema ni msomi ninayemheshimu, ndiyo maana nitamjibu kwa urefu.

Sheria zenyewe mnazijua, nazipita mbio. Saudia iliwalazimisha waajiri kuwakatia wageni bima kwa sheria ya mwaka 1999, Abu Dhabi ikafuata 2005, Dubai 2013. Kwenye karatasi, mwenzangu ameshinda. Lakini lazima ile ya Saudia ilikuwa ya wafanyakazi wa makampuni. Kadama wa majumbani hakuwamo. Ni Julai 2024 ndipo bima ilipofanywa lazima kwa wafanyakazi wa nyumbani, tena kwa mwajiri mwenye zaidi ya wanne. Haya, niambieni: ni wangapi katika binti zetu wamo katika nyumba yenye wafanyakazi watano? Aliye peke yake jikoni, asiye hata na wa kumshika kichwa akitapika, ndiye aliyerukwa.

Tumkubalie kwamba bima ipo. Bima hiyo inategemea iqama, yaani kibali cha ukaazi, na iqama iko mikononi mwa kafili, mwajiri anayemdhamini. Binti akipigwa akatoroka, iqama itabatilika na bima itakwenda nayo, wakati ule ule anapomhitaji daktari.

Kisha kuna jambo ambalo mwenzangu hakuligusa. Kabla ya kupanda ndege, binti hupimwa kifua kikuu, homa ya ini na Ukimwi. Akikutwa na kimoja, haendi. Wanaovuka ni wazima tupu. Akiugua huko ugonjwa wa kumzuia kazi, mara nyingi hurudishwa kwao. Miaka ya uzima wake imeliwa kule. Miaka ya ugonjwa inalipiwa huku. Nani basi hapa asiyejua hesabu?

Hata sisi tumeshughulika zaidi na anayeingia. Sheria yetu ya bima ya afya ya mwaka 2023, iliyoleta mamlaka ya SHA mahali pa mfuko wa zamani wa NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, inamtaka mgeni anayekuja kwa muda usiofika miezi 12 awe na bima ya safari. Wetu anayetoka humuuliza wakala tu kama viza imetoka.

Mimi mwenyewe nilisoma ng'ambo, na kadi yangu ya bima niliivaa kama nishani. Jino lilipoamka usiku ndipo niliposoma yale maandishi madogo: kadi haikujua kuwa nina meno. Aliyeniokoa ni mama wa Kipemba wa ghorofa ya chini, kwa mafuta yake ya karafuu.

Mgeni kutibiwa na jirani: hapo namfikia yule msafiri, Ibn Battuta, na wanafunzi wangu wanajua nikimfikia sishikiki. Wengi mnamkumbuka kwa usiku mmoja aliolala Mombasa mwaka 1331. Mimi humsoma zaidi akiwa Damascus, mwaka 1326. Anahesabu wakfu za mji ule: wa wasioweza kwenda hija, wa kuwaoza mabinti maskini, wa kukomboa mateka, na wa wasafiri, wapewe chakula, nguo na nauli ya kurudi kwao. Anasimulia habari ya kijana mtumwa aliyeangusha sahani ya Kichina njiani. Watu wakamwambia akusanye vigae, akapelekwa kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo, akalipwa. Kisha Ibn Battuta mwenyewe akashikwa na homa. Mwalimu wa madhehebu ya Kimaliki, Nur al-Din al-Sakhawi, alimzuia nyumbani kwake, akamwita tabibu, akaamuru apikiwe alichoagiza tabibu, mpaka Idi ikamkuta amepona. Fedha zilipomwishia, mwenyeji alimkodia ngamia, akampa masurufu, akamwongezea na akiba ya dharura.

Mtaniambia: huyo alikuwa msomi wa Kimaliki aliyetunzwa na msomi wa Kimaliki, kadama angepata? Hoja ina uzito. Mchango nao hupendelea: mwenye ukoo mkubwa hujaziwa kwa siku mbili, mkiwa husahauliwa. Na figo husafishwa kila juma, mwaka hata mwaka; wachangaji huchoka. Bima ya kweli haichoki. Kwa hiyo nataka wakala asimsafirishe mtu bila bima iliyo kwa jina la msafiri mwenyewe, kadi akae nayo yeye, na idumu hata akiachana na kafili, hata miezi ya mwanzo baada ya kurudi.

Lakini nataka pia wakfu wa wasafiri, hapa Mji wa Kale. Watu wa bima wamenionyesha kwamba kodi ya nyumba mbili tatu zilizowekwa wakfu haitoshi kulipia chumba cha wagonjwa mahututi. Hesabu yao ni sahihi, nami sijaiacha azma yangu. Bima humlipia aliyeandikwa, na wengi tunaowapokea uwanja wa ndege wa Moi hawakuandikwa popote. Tume ya Wakfu iko papa hapa Mombasa. Mwenye nyumba Kibokoni anayefikiria atakachoacha nyuma, na anitafute baada ya Isha.