WATU WATANO, MAFUNGU SITA

(Mazungumzo yaliyotolewa na wanamuziki wa bendi moja ya Shelly Beach, Likoni, mbele ya vikundi vya kujisaidia. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa.)

 

Huenda wengine mwajiuliza: hawa wapiga muziki wana nini cha kuwaambia wafuga kuku, wavuvi wenye mashua ya shirika na akina mama wa mchango wa mzunguko? Jibu letu ni fupi. Bendi ni kikundi cha kujisaidia. Ina wanachama, ina mali ya pamoja, ina mfuko, na ina ugomvi. Tena ugomvi wenyewe ni ule ule mnaoujua nyinyi. Leo tutazungumza juu ya chombo kimoja tu, gita la besi, na kupitia hicho mtaona mengine.

Besi ni nini?

Gita la kawaida lina nyuzi sita. Gita la besi kwa kawaida lina nyuzi nne, nene, na shingo ndefu. Ule uzi mnene kabisa hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde moja. Ndiyo maana sauti yake huisikii kwa masikio peke yake, waisikia kifuani. Zamani besi ilikuwa fidla kubwa inayosimama wima, kupita kimo cha mtu. Vikundi vya taarabu vya Unguja wangali wanaitumia. Mwaka 1951 Leo Fender wa California, Marekani, alianza kuuza gita la besi la stima aliloliita Precision Bass. Tangu hapo mtu mmoja akaweza kuibeba besi begani na kupanda nayo matatu.

Lakini kazi ya besi si ngeni kwetu Pwani. Katika ngoma zetu mnajua kuna chapuo, ngoma ndogo yenye sauti ya juu, na kuna vumi, ngoma kubwa. Chapuo huchangamsha, vumi huvuma chini. Bendi za hapa kama Them Mushrooms na Mombasa Roots zilipoitia chakacha kwenye magita na kuwapigia wageni hotelini, kazi ya vumi iliangukia besi. Basi mpiga besi ni mtu wa katikati. Sikio moja liko kwa mpiga drams, jingine liko kwa gita na mwimbaji. Yeye ndiye anayewafunga pamoja.

Hebu tuulize. Nani hapa aujua wimbo wa Sina Makosa wa Les Wanyika? (Mikono yote iliinuliwa.) Na nani alijua jina la aliyepiga besi katika bendi ile? (Mikono miwili.) Haya, aliitwa Tom Malanga. Mwaona? Wimbo twaujua miaka yote hii, kiuno chamjua Tom Malanga, lakini mdomo haumjui. Katika kikundi chenu pia yuko mtu kama huyo. Ni yule anayefagia banda la kuku kabla ya wengine kuamka, au anayeweka daftari. Akiwepo hatajwi. Asipokuwepo, kila mtu atajua.

Vyombo ni vya nani?

Mwaka 1971 ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, walifika Mombasa na hapa ndipo bendi yao ikachukua jina la Simba Wanyika. Baadaye wakahamia Nairobi. Mwaka 1978 wanamuziki kadhaa wakatoka kwa pamoja, Tom Malanga akiwa mmoja wao, wakaunda Les Wanyika. Hatukuja hapa kuamua nani alikuwa na haki. Tunalotaka mlione ni kwamba bendi kubwa nazo huachana, na muziki huendelea. Mwanachama kuondoka si msiba. Msiba ni kuondoka bila utaratibu, kila mmoja akivuta waya wake.

Tena kuna swali la chini zaidi: vyombo ni vya nani? Tanzania, bendi nyingi zilikuwa mali ya mashirika. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama karani. Huku kwetu mara nyingi vyombo ni vya hoteli au vya tajiri mmoja, na mwenye vyombo ndiye mwenye bendi. Akikasirika, anafunga mlango, na nyinyi mnakwenda nyumbani na vidole vyenu tu.

Wazee wetu waliokuwa wakipiga katika hoteli za ufuo huu waliyaona hayo baada ya Agosti 1997, ghasia za Likoni zilipowafukuza watalii. Sisi tuliyaona Machi 2020, amri ya kutotoka nje usiku ilipotolewa. Kazi ilipoanza kurudi, waliokuwa na vyombo vyao walianza mara moja na harusi za mitaani. Wasiokuwa navyo walibaki wakikodisha. Sisi tulikuwa tukikodisha. Mwenye vyombo alichukua nusu ya malipo, kabla hata ya nauli.

Mafungu sita

Ndipo tukakaa chini ya mwembe, watu watano, tukakubaliana jambo moja. Kila malipo yatakatwa mafungu sita. Watano ni sisi. Fungu la sita ni la vyombo. Vyombo navyo ni mwanachama: havili, lakini vyafanya kazi kutushinda.

Tuchukue mfano. Harusi ikilipa shilingi 12,000, kila fungu ni 2,000. Mwimbaji 2,000, mpiga solo 2,000, mpiga kinanda 2,000, mpiga drams 2,000, mpiga besi 2,000, na vyombo 2,000. Hapo palizuka maneno. Mwimbaji alisema, "Watu waja kunisikiliza mimi." Ni kweli. Lakini tukamwambia, ndugu yetu, kesho tupige bila besi halafu uimbe, tuone. Tukafanya hivyo mazoezini, nyimbo tatu. Wimbo wa pili mwenyewe akasimama, akasema basi, haya, mafungu yawe sawa.

Tulianza na gita la besi na amplifaya yake, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyokuwa ghali kukodi. Vilikuwa vya mkono wa pili, jumla shilingi 66,000. Kwa fungu la 2,000 hiyo ni kazi 33. Ilituchukua muda, na kuna wiki ambazo hapakuwa na kazi hata moja. Mweka hazina aliandika kila shilingi, na kila baada ya kazi daftari lilisomwa kwa sauti. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuvitunza

Akina mama wa kuku wanajua: kununua ni siku moja, kutunza ni kila siku. Sisi twakaa karibu na bahari, na upepo wa chumvi hauna huruma na chuma. Haya ndiyo tunayoyafanya.

Kwanza, nyuzi hupanguswa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, na gita hulala ndani ya mfuko wake. Nyuzi za besi ni ghali. Zikififia sauti kwa jasho na uchafu, tunazitoa, tunazichemsha kama dakika kumi, tunazikausha vizuri sana, na sauti hurudi kwa muda. Uzi wenye kutu hauponi hivyo, huo hubadilishwa.

Pili, besi haipigwi kwa nguvu kwenye amplifaya ndogo ya gita. Sauti nzito yasukuma karatasi ya spika mbali sana, na spika itapasuka. Besi yataka wati nyingi zaidi na spika kubwa zaidi kuliko gita, hata kama nje zasikika sawa.

Tatu, kabla ya kuongeza spika, soma nyuma ya amplifaya. Spika mbili za omu 8 zikifungwa sambamba zaleta omu 4. Ukiongeza ya tatu yafika chini ya 3. Amplifaya iliyoandikwa mwisho wake ni 4 itaungua. Kijana akikwambia "ongeza spika, muziki upande", mwulize kwanza hesabu hiyo.

Nne, na hili ni la uhai. Plagi ya miguu mitatu isikatwe mguu wa arthi. Mpiga gita ameshika nyuzi za chuma, na mwimbaji ana maikrofoni ya chuma mdomoni. Arthi ikikosekana, stima ya volti 240 yaweza kupita mwilini mwa mtu. Ukisikia vidole vyawasha ukigusa nyuzi, zima swichi kuu, ita fundi. Usiseme "tumalize wimbo huu kwanza". Na jenereta huwekwa nje, mbali na mvua na mbali na watoto.

Tano, chombo kikivuka feri kwa mkokoteni, mtu mmoja aliyetajwa jina hutembea nacho mpaka ng'ambo. Tusiposema ni nani, kila mtu hudhani ni mwenzake.

Vita vya sauti

Kuna ugonjwa wa bendi zote. Mpiga solo hajisikii, anaongeza sauti. Mpiga besi naye anaongeza. Mpiga drams apiga kwa nguvu zaidi. Baada ya nyimbo nne mwimbaji hana koo, na bibi harusi ameziba masikio. Kila mmoja alitaka kusikika, na hapana aliyesikika.

Dawa yetu ni sheria moja: usipomsikia mwimbaji, punguza chako, usiongeze. Mpiga besi ndiye huanza kupunguza, kwa sababu sauti yake yapita kuta na kufika kwa majirani ambao hawakualikwa. Na adhana ikitolewa, twanyamaza wote, Wakristo na Waislamu wa bendi. Nadhani hata katika mikutano ya vikundi sheria hii ingefaa.

Mwenzetu alipotaka kuondoka

Sasa twafika penye uzito. Baada ya miaka kadhaa mpiga besi wetu alipata kazi ya kudumu katika hoteli ya upande wa Diani. Tulifurahi kwa ajili yake, ana watoto. Lakini jioni moja akasema, "Gita naondoka nalo. Mimi ndiye niliyelipiga miaka yote. Nyinyi hata kulishika hamjui." Mpiga drams akasimama. Mwingine akasema mambo ya mama ya mtu, ambayo hatutayarudia hapa. Kwa wiki mbili hatukupiga. Harusi moja tuliipigia bila besi, na shangazi wa bibi harusi akatuuliza, "Wanangu, mbona leo muziki hauna tumbo?"

Lililotuokoa ni daftari. Tulimwita fundi mmoja na mzee mmoja wa muziki, wote si wa bendi, wakavikadiria vyombo. Vilivyonunuliwa 66,000 sasa vilikuwa vya 40,000. Tugawe kwa watano: 8,000 kila mtu. Tukamwambia, ndugu, kweli unayo haki, na haki yako ni hii. Si gita zima, wala si mikono mitupu. Tulimlipa mara nne, 2,000 kila mara, kutoka fungu la sita. Akapiga mahesabu mwenyewe kwenye daftari, akayakuta yako sawa, akatia sahihi.

Na siku alipomaliza kulipwa alifanya jambo ambalo hatukulidai. Alisema atakuwa akija Jumatatu, siku yake ya mapumziko, kumfundisha atakayeshika nafasi yake. Leo besi yetu inapigwa na msichana wa Timbwani. Mwalimu wake bado akija humkuta ameshika lile lile gita. Lau tungeligombea, lingekuwa chini ya kitanda cha mtu, lina kutu.

Ndugu zetu, hapa ndipo tulipotaka kuwafikisha. Andikeni namna ya kuondoka wakati bado mwapendana. Tangu Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kikundi kinachosajiliwa hutakiwa kuwa na katiba. Wengi hunakili katiba ya jirani ili wapate cheti. Msinakili. Kaeni, mjiulize: mashua ni ya nani? Banda ni la nani? Mtu akiondoka, atapata nini, na nani atakadiria?

Sasa twawapigia nyimbo mbili, na mara hii tafadhalini, sikilizeni besi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu ni nani afanyaye kazi ya besi, asiyetajwa? Tumewahi kumshukuru?

2. Mali yetu ya pamoja ina fungu lake katika kila mapato, au twangoja iharibike ndipo tuchange?

3. Mwanachama akiondoka leo, twaweza kumwonyesha haki yake kwenye daftari?

4. Ni watu gani wawili wa nje ya kikundi ambao sote tungewakubali watukadirie vitu vyetu?