MAZUNGUMZO: MASHINE YA MIHIMILI SITA, TUPIGE HESABU KWANZA

(Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya mafundi na wanakisomo wa Kinondoni, Dar es Salaam.)



Kuna kikundi hapa kinataka kuchukua mkopo. Kinataka kununua mashine kubwa ya kukereza vyuma, yenye mihimili sita, iliyokwisha tumika ng'ambo. Wameniuliza: Tuinunue au tuiache? Sitawajibu upesi. Kwanza tuifahamu mashine yenyewe, halafu tushike kalamu.

Kukereza si jambo geni kwetu. Tazama miguu ya vitanda vya pwani, ile yenye mafundo ya duara. Hiyo imekerezwa. Mti unazunguka, fundi anausogezea patasi. Chuma nacho ni vile vile. Kipande kinashikwa na taya za mashine, mhimili unakizungusha, na kisu kigumu kinakichonga. Kerezo la kawaida lina mhimili mmoja. Hukereza kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Je, la mihimili sita likoje? Fikirini pipa lililolala. Ndani yake mna nondo sita ndefu, na kila moja inazunguka. Mbele ya kila nondo pana kisu chake. Kisu cha kwanza kinapunguza unene. Cha pili kinatoboa. Cha tatu kinapanua tundu. Cha nne kinakata meno ya nati. Cha tano kinasawazisha. Cha sita kinakata kipande kidondoke. Vyote vinafanya kazi pamoja. Vikimaliza, pipa linageuka hatua moja, na kila nondo inahamia kwa kisu kinachofuata. Kwa hiyo kila pipa linapogeuka, kitu kimoja kilicho tayari kinadondoka. Mashine za namna hii zilianza kutumika Marekani mwishoni mwa karne ya 19. Viwanda vikubwa huzitumia kutengeneza nati, vipande vya mabomba na vya magari.

Sasa hesabu. Tuseme nati moja ina hatua sita, na kila hatua ni sekunde 10. Kerezo la mhimili mmoja litatumia sekunde 60, yaani dakika 1. La mihimili sita litatoa nati moja kila sekunde 10. Hapo mtu atasema, "Basi tuinunue!" Ngoja kwanza, ndugu yangu.

Mashine kubwa ina matayarisho marefu. Visu vyote lazima vipangwe na kupimwa. Tuseme matayarisho ni saa 8, yaani dakika 480. Kerezo dogo tuseme ni dakika 20 tu.

Mteja akitaka nati 100, kerezo dogo litatumia dakika 20 na 100, jumla dakika 120. Kubwa litatumia dakika 480 na nyingine kama 17, jumla 497. Dogo limeshinda.

Mteja akitaka nati 6,000, dogo litatumia dakika 6,020. Hizo ni siku zaidi ya 12 za kazi ya saa 8. Kubwa litatumia dakika 1,480, yaani siku 3 na kidogo. Kubwa limeshinda. Kwa hesabu hii yetu, mpaka ni nati 552. Hapo zote mbili zinakuwa sawa.

Basi nakiuliza kikundi: wateja wenu ni akina nani? Mwenye mashine ya kusaga huko kijijini, shafti yake ikikatika, anakuja kwenu na shafti moja. Hataki 6,000! Na nafaka ya kijiji kizima inamngoja. Kazi hiyo ni ya kerezo la mhimili mmoja na fundi anayejua kupima.

Kule Ubungo, zamani ilipokuwa bado ndani ya wilaya ya Kinondoni, kiwanda cha zana za kilimo, UFI, kilitengeneza majembe. Jembe halikerezwi, hufuliwa. Lakini ile ndiyo kazi ya kitu kile kile, tena kwa wingi. Kule Moshi kilijengwa kiwanda cha KMTC, kwa msaada wa Bulgaria, ili tutengeneze mashine zetu wenyewe. Uzalishaji ukaja ukasimama kwa miaka mingi. Tujifunze hapo: mashine haili sifa. Inakula umeme, mafuta, visu, spea na kazi za wateja.

Kabla ya kutia sahihi mkopo, andikeni kwenye daftari kazi zote mlizopata kwa miezi sita. Ni vitu vingapi vya namna moja? Spea zinatoka wapi? Nani atapanga visu? Nendeni SIDO mkaulize. Shirika hilo liliundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo.

Tena neno la usalama, kwa mashine kubwa na ndogo. Usivae nguo inayoning'inia wala glavu. Usiondoe vinyweleo vya chuma kwa mkono, tumia ndoano. Usiache ufunguo kwenye taya ukawasha mashine. Chuma kinachozunguka hakijui mkono wa mwenyewe.

Ndugu zangu, hesabu mlizojifunza darasani kazi yake ndiyo hii. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Daftari likionyesha maelfu, nunueni. Likionyesha shafti mojamoja, fedha hizo nunueni kerezo dogo zuri, na zitakazobaki wekeni akiba.