Ufunguo na Maji: Tiba ya Mfungwa Wakati wa Mafuriko



Maji yakiingia nyumbani, mtu huru hubeba mtoto, hunyakua dawa zake, hukimbilia mwinuko. Mfungwa hawezi hata moja kati ya hayo. Mlango una kufuli, dawa zimo kabatini mwa zahanati, na funguo za vyote viwili ziko kiunoni mwa mtu mwingine. Hoja yangu jioni hii ni moja: aliyeshika ufunguo ndiye aliyebeba dhamana ya uhai wa aliyefungiwa, na mafuriko hayamvui dhamana hiyo.

Twendeni New Orleans, Marekani. Tarehe 28 Agosti 2005, siku moja kabla ya kimbunga Katrina kutua, meya aliamuru wakazi wote wahame. Sherifu, aliyesimamia gereza la mji, akatangaza kwamba wafungwa watabaki. Gereza la Orleans Parish lilikuwa na watu zaidi ya 6,000, wengi wao mahabusu, wakiwemo waliokamatwa kwa makosa madogo kama faini ambazo hazijalipwa. Shirika la kulinda wanyama la Louisiana lilikuwa limekwisha kuwahamisha wanyama 263.

Kingo za mifereji zilipopasuka, jenereta zilizimika na vyoo vikafurika. Katika seli za chini maji yalifika kifuani. Watu wakapanda vitanda vya juu. Wa ghorofani walivunja vioo, wakatoa nje vibao vya kuomba msaada. Hatimaye walitolewa kwa boti, wakaketishwa kwa safu juu ya daraja la barabara, juani. Ripoti ya shirika la haki za kiraia ACLU, ya mwaka 2006, ilikusanya maelezo ya waliokosa chakula, maji na dawa. Ofisi ya sherifu ilikanusha mengi ya madai hayo.

Tusimame kwenye dawa. Mgonjwa wa kisukari anayeishi kwa insulini akiikosa, siku chache zinatosha kumwua. Mwenye kifafa akikatiwa vidonge ghafla, degedege huweza kumrudia mfululizo. Anayemeza ARV au dawa za kifua kikuu akikatishwa dozi, vimelea hupata mwanya wa kujenga usugu. Usugu huo haukai ndani ya ukuta, kwa kuwa wafungwa huachiwa na askari hurudi kwa watoto wao. Maji nayo huja na kipindupindu, homa ya matumbo na homa ya mgunda.

Tarehe 10 Septemba 2024, Bwawa la Alau lilipopasuka huko Maiduguri, Nigeria, ukuta wa gereza ulianguka na wafungwa 281 wakatoroka. Vyombo vya habari vilihesabu waliotoroka. Mganga angeuliza: wangapi walikuwa katikati ya dozi?

Sheria ipo. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Estelle dhidi ya Gamble, iliamua kwamba kupuuza kwa makusudi ugonjwa mzito wa mfungwa ni adhabu ya kikatili. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema tiba ya mfungwa ni wajibu wa dola, iwe sawa na ya uraiani, na isikatike.

Isikatike maana yake ni kazi ya mikono. Kila mgonjwa awe na mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, wenye dozi za wiki mbili na kadi ya jina, ugonjwa na kipimo. Insulini iwe na kasha lake la barafu. Gereza litakalopokea wagonjwa lijulikane mapema. Na mahabusu wa makosa madogo wapewe dhamana kabla mawingu hayajatanda.

Kwenu maofisa wa Magereza nina ombi. Kabla ya masika, ingieni zahanati ya gereza lenu, mwiname, mtazame kilichopo kwenye rafu ya chini kabisa. Mkikuta dawa na mafaili, vipandisheni juu siku hiyo hiyo.