Waasisi wa Loji ya Njinjo ni Akina Nani?



Chama cha kweli kina waasisi, na waasisi wana majina. TANU ilianzishwa na watu 17, Julai 7, 1954, na majina yao yanajulikana. Sasa nawauliza ndugu zangu wa Njinjo, kule Kilwa: hiyo loji ya Freemason mnayoambiwa itafunguliwa hapo kijijini, waasisi wake ni akina nani?

Nauliza kwa sababu mpwa wangu mmoja wa huko, baada ya mnada wa ufuta, alituma shilingi 300,000 kwa simu. Namba aliiona kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo. Akaambiwa atakuwa mwanachama mwasisi, na kabla ya Idi atakuwa tajiri. Zikatakiwa 200,000 nyingine, eti za joho. Akatuma. Simu ikazimwa.

Freemason wapo, tusidanganyane. Loji yao si nyumba ya kulala wageni, ni tawi. Chama chao kikuu cha Uingereza kilianza Juni 24, 1717, loji nne za London zilipokutana kwenye kilabu cha pombe. Dar es Salaam wana jengo lao Barabara ya Sokoine, mchana kweupe. Hayati Sir Andy Chande, aliyekulia Bukene mkoani Tabora, aliwaongoza Afrika Mashariki kwa miaka mingi, na mwaka 2005 akatoa kitabu cha maisha yake. Mali yake? Vinu vya kusaga vya familia. Navyo Serikali ilivitaifisha mwaka 1967, yeye akabaki kuviendesha kwa mshahara.

Sikitetei chama hicho. Watu wanaofunga milango wanapokutana sijawahi kuwaonea wivu. Ila kwa utaratibu wao, mwasisi wa loji ni mtu ambaye tayari ni Freemason kwingine. Huandika ombi pamoja na wenzake, wakatia sahihi, na hati ikitoka inakuwa na majina yao. Anayeingia leo hawezi kuwa mwasisi. Tena mwanachama hutoa ada, halipwi.

Watu wa Kilwa si wageni wa siri. Mwaka 1904 na 1905 habari za maji ya Kinjikitile wa Ngarambe zilipita vilima vya Umatumbi kwa kunong'onezana, wenyewe wakaita njwiywila. Siri ilikuwa kubwa, lakini mwenyewe alikuwa na jina na kwake kulijulikana, watu wakimwendea makundi kwa makundi. Agosti 4, 1905, Wajerumani walimnyonga Mohoro. Huyu wa kwenye nguzo hana jina, hana kwao, ana namba tu.

Wazee wa Njinjo, karatasi hiyo ibandueni. Lakini namba inakilini kwanza, mkaipeleke polisi.