Kompyuta ya Chama: Kuichagua kwa Busara na Kuitunza
Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Magogoni, Dar es Salaam



Zamani zana za katibu wa chama zilikuwa kalamu, leja, daftari la fedha na kasha la chuma. Hivi leo, katika vyumba vya ghorofani vya Kariakoo na katika vibanda vya wachuuzi wa samaki hapa Feri, kasha la chuma lingali lipo, lakini leja imehamia ndani ya kompyuta. Akiba za mama lishe, hisa za wapagazi na mikopo ya wachuuzi, vyote vimekuwa tarakimu zisizoonekana mpaka umeme uwashwe. Kwa hiyo chombo hicho si pambo la ofisi. Ni kasha la pili la chama, na hapana budi wanachama wajue limenunuliwaje, linatunzwaje na ufunguo wake uko kwa nani.

Nchi hii ilikwisha kupata fundisho juu ya jambo hili. Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na ilipofika mwaka 1974 zilikuwapo saba. Mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali katika mashine hizo ulishindikana na kuleta hasara, kwani kazi ilitegemea mno wataalamu wa kigeni. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni, na katazo hilo likaja kulegezwa polepole miaka mingi baadaye. Kosa halikuwa la chuma wala la nyaya. Mashine haiwezi kumfanyia mtu kazi ambayo yeye mwenyewe hajaielewa. Hesabu isiyolingana katika leja haitalingana katika kompyuta. Itakosewa kwa haraka zaidi, na kosa litaonekana nadhifu.

Basi jambo la kwanza kwa chama si kuuliza bei, bali ni kuuliza kazi. Chama chenye wanachama mia mbili kina kazi gani? Orodha ya wanachama, hisa, akiba na mikopo. Barua na mihtasari ya mikutano. Mizania ya kila mwezi. Na taarifa zinazopelekwa kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika kwa njia ya mfumo wake wa usimamizi wa vyama, yaani MUVU. Kazi hizo zote hufanywa na kompyuta ya kawaida ya nyumbani. Mashine ya gharama kubwa iliyotengenezwa kwa michezo au kwa kuhariri filamu ni fedha ya wanachama iliyotupwa.

Kompyuta ya kawaida inayofaa iwe na kumbukumbu ya kufanyia kazi isiyopungua gigabaiti 8, na diski ya kuhifadhia isiyopungua gigabaiti 256. Diski yenyewe iwe ya aina mpya isiyozunguka, ambayo wauzaji huiita esiesidi. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka kwa kasi na sindano inayosoma juu yake. Ikigongwa au ikidondoka wakati inafanya kazi yaweza kuharibika mara moja. Ile mpya haina kitu kinachozunguka ndani yake, nayo hufungua mafaili upesi zaidi.

Je, kinunuliwe kifaa cha mezani au cha kubeba? Cha mezani hutengenezeka kwa urahisi, vipuri vyake hupatikana, na si rahisi mtu kuondoka nacho chini ya kwapa. Lakini umeme ukikatika huzimika papo hapo, hivyo lazima kinunuliwe pamoja na betri ya akiba ya ofisini, ile iitwayo yupiesi, ambayo humpa katibu dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Cha kubeba kina betri yake na chaweza kupelekwa kwenye mkutano mkuu. Ila ni chepesi kuibwa na kudondoshwa. Chama chenye ofisi ya kudumu aghalabu hufaidika na cha mezani. Chama ambacho ofisi yake ni meza ya kuazima kichukue cha kubeba.

Maduka ya Kariakoo yamejaa kompyuta zilizokwisha kutumika, zilizoletwa kutoka Ulaya, Marekani na Dubai. Si aibu kununua iliyotumika. Mashine imara iliyokuwa katika ofisi kwa miaka michache yaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei rahisi. Lakini kuna jambo moja ambalo makatibu hawana budi kulizingatia. Kampuni ya Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama kwa mfumo wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo unaofuata, Windows 11, haukubali rasmi kompyuta nyingi za zamani. Kwa mashine zenye kichakato cha Intel Core, kwa kawaida hudai kizazi cha nane au cha baadaye. Njia ya kutambua ni rahisi. Soma maandishi ya kichakato: i5-8250U ni cha kizazi cha nane, kwa kuwa tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, i5-6300U ni cha sita, na i5-1135G7 ni cha kumi na moja. Muuzaji akisema tu kwamba "ni i5", hajasema kitu.

Chama kilicho na mashine ya zamani nacho hakijafika mwisho wa njia. Ipo mifumo ya bure ya Linux ambayo hufanya kazi vizuri katika mashine nyingi za namna hiyo, na ipo programu ya LibreOffice, ambayo huandika barua na kufanya hesabu bila malipo ya leseni. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walikwisha kutoa programu ya ofisi ya namna hiyo kwa lugha ya Kiswahili mwaka 2004. Chama kisikubali programu za wizi zinazowekwa na fundi kwa fedha kidogo. Mara nyingi ndani yake mna virusi, na anayefungua mlango kwa ufunguo bandia hajui na nani mwingine anao.

Siku ya kununua, wajumbe waende si chini ya wawili, wakiwa na kibali cha Bodi kilichoandikwa katika muhtasari na hati za bei kutoka maduka matatu. Waiwashe mashine na kuiacha ifanye kazi nusu saa bila waya wa umeme, waone betri imeshuka kiasi gani. Wabonyeze kila kitufe. Wafungue na kufunga kioo, wasikilize bawaba. Wachomeke kifaa katika kila tundu. Wahakikishe kuwa namba ya mashine iliyoandikwa chini yake ni ile ile iliyoandikwa katika stakabadhi. Stakabadhi yenyewe iwe ya mashine ya kodi, ambazo zilianza kutumika nchini mwaka 2010, na iandikwe kwa jina la chama, si kwa jina la katibu. Dhamana iandikwe kwenye karatasi. Dhamana ya mdomo huisha mnunuzi anapovuka mtaa. Baada ya hapo mashine ipewe namba na kuingizwa katika daftari la mali. Mkaguzi akija asiambiwe, "Iko nyumbani kwa mhasibu."

Sasa juu ya kutunza. Maadui wa kompyuta mjini hapa ni wanne: umeme, joto, vumbi na mkono wa mtu.

Umeme wa nchi hii ni wa volti 230, lakini unapokatika na kurudi huweza kupanda ghafla kupita kiasi hicho. Pawepo kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme kati ya ukuta na mashine, na umeme ukikatika waya uchomolewe mpaka urudi na kutulia. Joto huua polepole. Matundu ya hewa yasizibwe kwa kitambaa cha mapambo, na mashine ya kubeba isiwekwe juu ya godoro au mto. Vumbi la Kariakoo likichanganyika na unyevu wa chumvi utokao baharini hushika ndani kama utando; mashine izimwe, ichomolewe, na kusafishwa kwa brashi laini kila mwezi. Betri ya kompyuta ya kubeba hudumu zaidi ikiachwa kati ya asilimia 20 na 80 kuliko ikikaa siku zote imejaa, au ikiachwa kuisha kabisa.

Mkono wa mtu ndio adui mkubwa. Kompyuta ya chama si ya kuangalizia filamu, wala si ya watoto wa katibu kufanyia mazoezi ya shule, wala haichomekwi flashi ya kila mpita njia. Kila anayeitumia awe na jina lake na neno lake la siri, ili lijulikane nani aliandika nini na lini. Neno la siri lisibandikwe chini ya kibodi. Tena Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Majina, namba za simu na madeni ya wanachama ni amana ya kisheria, si maneno ya barazani.

Linabaki jambo kubwa kuliko yote, nalo ni nakala. Soko Kuu la Kariakoo, lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, lilikuwa jengo la fahari na imara. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua. Moto hauchagui kati ya mzigo wa nguo na daftari la chama. Chama ambacho kompyuta yake, nakala yake na stakabadhi zake zote zimo katika chumba kimoja, hakina nakala.

Kanuni ni nyepesi: hesabu ziwe katika sehemu tatu, mbili kati ya hizo ziwe vyombo tofauti, na moja iwe nje ya jengo. Nakala ifanywe kila Ijumaa kabla ya ofisi kufungwa, ifungwe kwa neno la siri, na mtu mwingine asiye katibu aweke sahihi kwamba imefanywa. Kila miezi mitatu nakala hiyo ifunguliwe katika mashine nyingine, ionekane kama inasomeka. Kila mwisho wa mwezi mizania na orodha ya akiba zichapwe, zisainiwe na kuwekwa katika jalada. Karatasi haikatikiwi umeme.

Fikirieni mama muuza nyanya ambaye huweka shilingi 5,000 kila wiki. Kwa miaka mitatu amefikisha shilingi 780,000, fedha za kumpeleka mtoto shuleni. Kitabu chake cha akiba kililowa mvua, naye alikitupa kwa kuamini kuwa "kompyuta inajua". Siku anapokuja kuchukua fedha anaambiwa mashine imekufa na nakala hakuna. Hapo hakuna mwizi wa kukamatwa, wala fundi wa kulaumiwa. Pana Bodi iliyonunua bila kuuliza na katibu aliyeahirisha Ijumaa moja baada ya nyingine. Mama huyo hatasema kompyuta imemwangusha. Atasema ushirika umemwangusha, na atakuwa amesema kweli.

Kwa hiyo kila chama, katika kikao chake kijacho cha Bodi, kiulize maswali matano na kuandika majibu katika muhtasari. Kompyuta imo katika daftari la mali? Mfumo wake bado unapata marekebisho ya usalama? Nani wana maneno ya siri? Nakala ya mwisho ilifanywa lini, nayo iko wapi? Na vitabu vya akiba vya wanachama vinalingana na kilichomo ndani ya mashine? Chama kitakachoweza kujibu yote matano kitamngojea mkaguzi bila hofu, na mwanachama wake atalala usingizi.